Tuhitilafiane, Tusifarakane

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kilichojikwaa hupona kwa siku chache, lakini neno lililomchoma ndugu huweza kukaa moyoni mwake hadi kaburini. Ukweli huu huonekana wazi zaidi katika mabishano ya dini, hasa baina ya watu wanaosoma kitabu kimoja na kuomba kwa jina moja. Nami naukumbuka kila nikumbukapo Siyu.

Siyu ni mji wa kale katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu. Mtawa wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alifika kisiwani humo mwaka 1606, akaandika kwamba Siyu ndio uliokuwa mji mkubwa kuliko yote kisiwani. Baadaye mji huo ulisifika kwa wanavyuoni wake, kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi, na kwa mafundi wake wa ngozi na wa mbao. Ngome yake ingali imesimama kando ya mkondo wa mikoko, ambao maji yakipwa hubaki tope tupu, na vyombo hulazimika kungoja. Wenyeji wa Siyu ni Waislamu. Wakristo waishio humo aghalabu ni watumishi waliopelekwa kazini kutoka bara: walimu, wauguzi na askari.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa watumishi hao. Tulikuwa Wakristo tisa kutoka makanisa matano. Kila Jumapili tulikutana katika chumba cha mwalimu mmoja, tukaketi mikekani, tukaimba, tukasoma na kuombeana. Mchungaji hatukuwa naye. Kwa muda wa mwaka mzima hakuna aliyemwuliza mwenziwe alibatizwa kwa namna gani.

Mambo yaliharibika siku tulipokusudia kuumega mkate. Mwalimu mmoja, mtu mwema na mchapa kazi, alisema kwamba dhamiri yake haimruhusu kushiriki Meza ya Bwana pamoja na mtu aliyenyunyiziwa maji utotoni, kwani mtu huyo, kwa kadiri alivyoyafahamu Maandiko, hakuwa amebatizwa bado. Muuguzi aliyelelewa katika kanisa libatizalo watoto wachanga alimjibu kwa utulivu kwamba neema ya Mungu haingoji mtu ajue kusema. Hadi hapo hapakuwa na ubaya wowote, kwani kila mmoja alisema aliloliamini. Ubaya niliuleta mimi. Nilikuwa upande wa muuguzi, nikasema mbele ya wote kwamba hayo ndiyo matokeo ya watu kusoma Biblia kwa miezi mitatu kisha wakajiita wajuzi. Baadhi ya wenzetu walicheka. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata, badala ya chumba kimoja palikuwa na viwili.

Jioni ya siku hiyo mwenye nyumba wangu, mzee aliyesomesha chuo cha Kurani, alinikuta barazani. “Mwalimu,” akasema, “leo asubuhi nimesikia wimbo mmoja ukiimbwa katika nyumba mbili. Mmepatwa na nini?”

Nikamweleza kwa haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Huyo mwenzako, hoja yake ni ipi?”

Nikaanza kueleza kwa nini mwenzangu amekosea. Mzee akaniinulia mkono. “Sikukuuliza jawabu lako, Mwalimu. Nimekuuliza hoja yake.”

Hapo nikatambua kwamba siwezi kuieleza. Nililijua jibu la hoja ambayo sikuwahi kuisikiliza hata mara moja.

Mzee akanisimulia jinsi wao wanavyosoma. Mwanafunzi wa fiqhi ya Kishafi, alisema, akisonga mbele katika masomo yake hukutana na Ibn Hajar na Ramli, wanavyuoni wakubwa wa karne ya 16. Wote wawili ni wa madhehebu mamoja, wote wawili wameshereheshea kitabu kimoja cha Imamu Nawawi, na bado katika masuala mengi hawakubaliani. Mwanafunzi hufunzwa kauli ya huyu na dalili yake, kisha kauli ya yule na dalili yake. “Asiyeweza kuisema kauli ya pili,” aliniambia, “hata hiyo ya kwanza hajaisoma. Ameikariri tu.” Kisha, kama mtu asiyetaka kujisifu, akaongeza kwamba nao pia wamewahi kugombana vibaya katika visiwa hivi kuhusu maulidi, na kwamba kujua adabu ni jambo moja, kuishika ni jambo jingine.

Maneno ya mzee huyo yalinifanya niifungue tena historia ya Wakristo wa nchi yetu, nikaona kwamba ugomvi wetu wa Siyu ulikuwa na babu yake huko Kikuyu.

Mwezi wa Juni 1913, wajumbe wa misheni za Kiprotestanti katika Afrika Mashariki ya Kiingereza walikutana katika kituo cha misheni ya Kanisa la Scotland, Kikuyu. Walikuwapo Waanglikana wa shirika la CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Tatizo lao lilikuwa la kweli. Mwafrika aliyebatizwa na misheni moja, akihamia penye misheni nyingine, alihesabiwa mgeni. Na mafarakano yaliyozaliwa Ulaya karne nyingi kabla yake yalikuwa yakipandwa katika ardhi isiyoyajua. Wakapendekeza shirikisho. Mkutano ulipomalizika, Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kitabu cha sala cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wajumbe wa makanisa mengine wakaupokea.

Habari hizo zilimfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana wa mwelekeo wa Kikatoliki, naye akaghadhibika. Alimwandikia Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwashtaki Peel na Askofu J. J. Willis wa Uganda kwa uzushi na kwa kuligawa kanisa. Mzozo ukavuma katika magazeti ya Uingereza hadi vita kuu vya 1914 vilipoufunika. Jibu la Askofu Mkuu lilipotoka mwaka 1915, halikumtia mtu yeyote hatiani kwa uzushi, lakini liliwataka wasiirudie ibada ya namna ile. Hakuna upande uliopata ushindi kamili.

Jambo la kuzingatia ni lile lililofuata. Mwaka 1918 misheni hizo zilikutana tena Kikuyu, na Weston mwenyewe akahudhuria. Aliketi na watu aliokuwa amewapinga hadharani, akawawekea mezani mapendekezo yake ya muungano. Hawakuyakubali, naye hakuyakubali yao. Hata hivyo, misheni nne, yaani CMS, Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission na Wamethodisti, ziliunda umoja wao uliojulikana kama Alliance. Umoja huo haukudai kuwa kanisa moja; ulitafuta yale yanayoweza kufanywa pamoja na watu ambao bado hawajakubaliana. Mwaka 1926 ulizaa shule, nayo ni Alliance High School ya Kikuyu, iliyotoa mawaziri kadhaa wa serikali ya kwanza ya Kenya huru. Wanafunzi wengi hulitaja jina la shule hiyo bila kujua kwamba ni ukumbusho wa watu waliobishana kwa miaka, kisha wakajenga darasa.

Msomaji asidhani nataka kumfanya Weston kuwa mkorofi, na wengine kuwa watu wa amani. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua himizo la chifu lina maana gani. Askofu Willis, Askofu Heywood wa Mombasa na Dkt. John Arthur wa Kikuyu waliukosoa waraka huo, lakini wakakubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuvumiliwa ikiwekewa mipaka ya sheria. Weston alikataa katakata. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1920, *The Serfs of Great Britain*, alipinga kumlazimisha Mwafrika kazi kwa namna yoyote. Hao waliojua kuvumiliana katika mambo ya ibada walivumilia pasipostahili; na yule aliyekuwa mgumu mezani pa Bwana ndiye aliyeona vizuri zaidi jasho la maskini.

Hilo ndilo fundisho ninalotaka walimu na wanafunzi walichukue. Tunampa sikio mpinzani wetu si kwa sababu ukweli hauna maana, wala si kwa sababu dini zote ni mchuzi mmoja. Tunampa sikio kwa sababu jicho lililokosea kuona hapa laweza kuona vema pale, na tukilifumba kwa dhihaka tutalikosa siku tutakapolihitaji. Weston hakuacha imani yake ili akae Kikuyu, wala wenyeji wa Kikuyu hawakuacha yao ili wampokee. Anayenyamaza ili kuepa ugomvi hajamheshimu ndugu yake bado, amemwepuka tu. Na anayemshinda kwa kicheko cha wasikilizaji hajamshinda kwa hoja.

Kwa hiyo mwalimu wa somo la dini, awe wa Kikristo au wa Kiislamu, angefanya jema kama angemtaka mwanafunzi, kabla ya kuipinga rai yoyote, aieleze kwanza mpaka mwenye rai aseme, “Naam, ndivyo nisemavyo.” Ni zoezi dogo, lakini ni gumu. Nalijua ugumu wake, kwa kuwa nililifanya.

Mwisho wa mwezi ule, mwalimu yule nami tulikwenda kupanda mashua moja kwenda Lamu kuchukua mshahara. Maji yalikuwa yamekupwa, tukawa hatuna budi kungoja. Nilimwomba radhi kwa lile neno la miezi mitatu. Kisha nikamwomba anieleze imani yake kuhusu ubatizo tangu mwanzo, nami nikajaribu kumrudishia kwa maneno yangu. Mara ya kwanza alitikisa kichwa. Mara ya pili akanisahihisha. Mara ya tatu, mashua ikiwa tayari imeanza kuelea, akasema, “Ndivyo.” Naye akanirudishia yangu, vizuri kuliko nilivyowahi kuisema mwenyewe.

Hakuna aliyegeuka. Tulirudi katika chumba kimoja, tukaimba na kuomba pamoja hadi uhamisho ulipotutawanya, lakini mkate hatukuumega pamoja, kwa kuwa dhamiri yake ilibaki pale pale, na yangu pia. Wapo watakaosema tulishindwa. Pengine. Lakini tangu siku ile, kila nisikiapo mtu akiidhihaki imani ya mwenzangu yule, mimi ndiye ninayesimama kuieleza, maana hoja yake naijua.