Kodi ya Fedha Zinazotumwa Kutoka Marekani: Kutoka Maoni ya Wahafidhina Hadi Sheria

Tangu Januari 1, 2026, mtu anayetuma fedha kutoka Marekani kwenda nchi nyingine kwa kulipa taslimu dirishani anatakiwa kutozwa kodi ya asilimia 1 ya kiasi anachotuma. Kodi hiyo imo katika sheria ya kodi na matumizi iliyotiwa saini na Rais Donald Trump Julai 4, 2025. Kabla ya hapo, kati ya Mei na Julai mwaka huo, wasikilizaji wa habari walitajiwa viwango vitatu tofauti: asilimia 5, asilimia 3.5 na hatimaye asilimia 1. Viwango vyote vitatu vilikuwa vya kweli, kila kimoja kwa wakati wake. Kilichokosekana ni maelezo ya nani alikuwa akipendekeza nini, na kwa nini watu wa chama kimoja, wanaojiita wahafidhina, hawakukubaliana juu ya kodi hiyo.

Neno "wahafidhina" katika siasa za Marekani hufunika kambi zenye mawazo yanayopingana. Kambi kongwe zaidi katika sera za uchumi ni ile ya soko huria, inayotaka kodi ndogo, serikali ndogo na biashara isiyo na vikwazo. Hii ndiyo iliyotawala fikra za Chama cha Republican tangu enzi za Rais Ronald Reagan, aliyeongoza kuanzia mwaka 1981 hadi 1989. Kambi ya pili, iliyopata nguvu zaidi tangu kampeni ya urais ya mwaka 2016, hutanguliza udhibiti wa uhamiaji, ulinzi wa viwanda vya ndani na ushuru wa forodha. Zote mbili hupiga kura kwa chama kilekile, lakini linapokuja suala la fedha za wahamiaji, kila moja ina hoja zake.

Hoja hizo hazianzii bungeni. Huanzia katika magazeti, taasisi za utafiti wa sera, redio na televisheni, kisha huchukuliwa na wanasiasa. Jarida la National Review lilianzishwa mwaka 1955 na William F. Buckley. Heritage Foundation ilianza mwaka 1973, na Cato Institute, yenye msimamo mkali zaidi wa soko huria, ikafuata mwaka 1977. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, ukurasa wa tahariri wa The Wall Street Journal ulitangaza kwa bidii wazo la mchumi Arthur Laffer kwamba kodi ikizidi kiwango fulani, kuipunguza kunaweza kuongeza shughuli za uchumi na hata mapato ya serikali. Wachumi wengi walilitilia shaka, hasa kwa viwango vya kodi vilivyokuwapo Marekani. Hata hivyo, mwaka 1981 Reagan alitia saini sheria iliyoshusha kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kutoka asilimia 70 hadi 50, na mageuzi ya mwaka 1986 yakakishusha hadi asilimia 28. Wazo lililokuwa likijadiliwa na waandishi wachache lilikuwa limegeuka sheria ya nchi ndani ya muongo mmoja hivi.

Njia hiyo ilipanuka zaidi baada ya mwaka 1987. Kwa takriban miaka 40, vituo vya redio na televisheni vya Marekani vilibanwa na Kanuni ya Usawa, iliyowekwa mwaka 1949 na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano. Kanuni hiyo ilivitaka vituo vijadili masuala yenye mvutano na kutoa nafasi kwa maoni yanayotofautiana. Tume iliifuta Agosti 1987, baada ya Reagan kuukataa kwa kura ya turufu muswada uliokusudia kuifanya sheria. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh alianza kipindi chake cha redio cha kitaifa, na mwaka 1996 kituo cha televisheni cha Fox News kikaanza matangazo chini ya Rupert Murdoch. Kuanzia hapo msikilizaji aliweza kusikia upande mmoja wa hoja kutwa nzima, bila kituo kuvunja kanuni yoyote.

Haikumaanisha kwamba vyombo hivyo vyote viliimba wimbo mmoja. The Wall Street Journal na Fox News vyote vinahusishwa na familia ya Murdoch, lakini mapema mwaka 2025 tahariri za gazeti hilo zilikosoa vikali ushuru wa Trump dhidi ya Canada na Mexico, huku watangazaji kadhaa wa kituo hicho wakiutetea. Anayesikia habari kwamba "wahafidhina wa Marekani wanataka" jambo fulani ana haki ya kuuliza ni wahafidhina gani.

Kuhusu fedha zinazotumwa nje, hoja ya kambi inayotanguliza uhamiaji ilijulikana muda mrefu. Katika kampeni ya mwaka 2016, Trump alipendekeza kutumia udhibiti wa fedha zinazotumwa Mexico kuishinikiza nchi hiyo ilipie ukuta wa mpakani. Jimbo la Oklahoma lilikuwa tayari na tozo ya aina hiyo tangu mwaka 2009: dola 5 kwa muamala usiozidi dola 500, na asilimia 1 ya kiasi kinachozidi hapo, huku mlipakodi wa jimbo akiweza kuidai tozo hiyo anapowasilisha hesabu zake za kodi. Watetezi waliutaja mfano huo kuonyesha kwamba jambo hilo linatekelezeka. Mwaka 2023, J.D. Vance, wakati huo akiwa seneta wa Ohio, aliwasilisha muswada wa kutoza asilimia 10. Haukupita. Watetezi walisema fedha zinazotoka nje ya nchi hazizunguki katika uchumi wa Marekani, kwamba wengi wanaofanya kazi bila vibali hawalipi kodi ipasavyo, na kwamba kupunguza faida ya kutuma fedha kutapunguza kivutio cha kuingia nchini kinyume cha sheria.

Kambi ya soko huria ilijibu kwa hoja ambazo msomaji wa Afrika Mashariki angezitambua haraka. Fedha anazotuma mfanyakazi zimekwishakatwa kodi ya mapato au kodi nyingine, hivyo kuzitoza tena ni kulipisha mara mbili. Gharama za kutuma fedha zenyewe ni kubwa: kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani wa kutuma dola 200 duniani ni takriban asilimia 6, na kwa nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara gharama huwa juu zaidi. Gharama ikiongezwa, baadhi ya watu huacha njia rasmi na kutumia njia za pembeni ambazo serikali haiwezi kuzifuatilia, jambo linalodhoofisha vita dhidi ya biashara haramu ambayo watetezi wa kodi walisema wanaijali. Palikuwa pia na ugumu wa kiitikadi. Tangu mwaka 1986, taasisi ya Americans for Tax Reform imekuwa ikiwataka wagombea watie saini ahadi ya kutopandisha kodi, na Warepublican wengi wameitia. Kuanzisha kodi mpya kabisa, hata ndogo, hakukukaa vizuri na ahadi hiyo.

Mei 2025 nafasi ya kutunga sheria ilipatikana. Chama cha Republican kilikuwa kikiandaa muswada mkubwa wa kuendeleza punguzo la kodi la mwaka 2017, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ikielekea kwisha. Punguzo hilo lilikuwa na gharama, na kila chanzo cha mapato kilitafutwa. Kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi ikaingiza kodi ya asilimia 5 kwa fedha zinazotumwa nje na watu wasio raia wa Marekani, wakiwemo wenye ukaazi wa kudumu na viza halali za kazi. Raia wangesamehewa, lakini kwa sharti la kuthibitisha uraia wao. Muswada ulipopigiwa kura Mei 22, kiwango kilikuwa kimeshushwa hadi asilimia 3.5. Ulipita kwa kura 215 dhidi ya 214.

Hapa ndipo pingamizi za ndani ya kambi ya wahafidhina zilipoanza kuzaa matunda. Sharti la uthibitisho lilimaanisha kwamba wakala wa kutuma fedha katika duka la mtaani angelazimika kukagua uraia wa mteja, kazi ambayo kwa kawaida ni ya maofisa wa serikali. Kwa chama kinachohubiri serikali ndogo na faragha ya raia, hilo lilikuwa gumu kulitetea. Serikali ya Mexico, ambayo mwaka 2024 nchi yake ilipokea takriban dola bilioni 64.7 kutoka kwa raia wake walio nje, ilipinga hadharani, na wabunge wake walisafiri hadi Washington kuzungumza na wenzao.

Seneti ilibadili muundo wote wa kodi. Kiwango kilishushwa hadi asilimia 1. Ubaguzi kati ya raia na asiye raia uliondolewa, hivyo suala la kukagua uraia likafa. Badala yake, kigezo kikawa ni namna mtumaji anavyolipa. Muswada ulipita Seneti Julai 1 kwa kura 51 dhidi ya 50, baada ya maseneta watatu wa Republican kuungana na Wademocrat kuupinga. Aliyepiga kura ya kuvunja mlingano alikuwa Makamu wa Rais J.D. Vance, yuleyule aliyetaka asilimia 10 miaka miwili kabla. Baraza la Wawakilishi liliridhia mabadiliko hayo Julai 3 kwa kura 218 dhidi ya 214, na siku iliyofuata muswada ukawa sheria.

Makadirio rasmi ya Bunge la Marekani yalionyesha kwamba kodi hiyo ya asilimia 1 ingeingiza takriban dola bilioni 10 katika miaka 10. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na muswada wenyewe, ambao Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria ungeongeza nakisi kwa takriban dola trilioni 3.4 katika kipindi hichohicho. Mapato pekee, kwa hiyo, hayaelezi kwa nini kodi hii ilibaki. Ilibaki pia kwa sababu kambi ya uhamiaji ilitaka kanuni iwekwe katika vitabu vya sheria za nchi, na kiwango ambacho kimekwisha kuandikwa ni rahisi kukirekebisha kuliko kuanzisha kodi upya. Kukibadilisha, hata hivyo, kutahitaji kura nyingine ya Bunge. Mtangazaji au mchambuzi akisema kiwango kinapaswa kupanda, hayo ni maoni yake mpaka Bunge lipige kura.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito. Kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya waishio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na takriban nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Wapo pia Watanzania, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo waliopewa makazi Marekani, ambao ndugu zao hutegemea fedha hizo kwa ada za shule, matibabu na chakula.

Kodi inamhusu mtumaji aliyeko Marekani anayemlipa wakala kwa fedha taslimu, hawala ya posta, hundi iliyotolewa na benki au chombo kingine cha kushikika mkononi kinachofanana na hivyo. Haimhusu anayetuma fedha kutoka katika akaunti yake iliyoko kwenye benki au taasisi ya fedha inayosimamiwa na sheria za Marekani, wala anayelipia kwa kadi ya benki au kadi ya mkopo iliyotolewa nchini humo. Uraia, aina ya viza na nchi inayopokea fedha havibadilishi kiwango. Anayetuma kutoka Oman, Uingereza au kwingineko nje ya Marekani hahusiki kabisa.

Mlipaji wa kodi ni mtumaji. Kampuni ya kutuma fedha huikusanya wakati wa muamala na kuiwasilisha kila robo ya mwaka kwa IRS, mamlaka ya mapato ya serikali kuu ya Marekani. Ikishindwa kuikusanya, kampuni yenyewe huwajibika kuilipa. Mpokeaji aliyeko Mwanza, Mombasa au Bujumbura hadaiwi chochote chini ya sheria hii, na yeyote anayemtaka alipe "kodi ya Marekani" kabla ya kupewa fedha zake hana msingi wa kisheria.

Kwa mfano, anayetuma dola 200 kwa kulipa taslimu atatozwa dola 2, na anayetuma dola 1,000 atatozwa dola 10, juu ya ada ya kawaida ya kampuni. Akituma kiasi hichohicho kutoka katika akaunti yake ya benki, kodi hiyo haitakuwepo. Itabaki ada ya kampuni na tofauti ya kiwango cha kubadilishia fedha, ambayo mara nyingi huwa kubwa kuliko asilimia 1 yenyewe na hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine kwa siku ileile.