Gesi ya Friji Haiishi

Ukiingia duka la soda pale Susuni, Tarime, mchana, omba ruhusa upitishe mkono nyuma ya friji. Utakuta vibomba vyeusi vina joto kama ukuta wa jiko muda mfupi baada ya ugali kuepuliwa. Sehemu ya joto hilo ni ya kompresa, lakini sehemu kubwa zaidi imetoka kwenye soda zenyewe. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje.

Siri yake ni ile ya mtungi wa maji. Maji yanapotoka kama jasho kwenye udongo na kugeuka mvuke, huondoka na joto, na yale yanayobaki hupoa. Ndani ya vibomba gesi iliyogeuzwa kimiminika huchemka katika ubaridi, inabeba joto, kompresa inaibana mpaka inakuwa ya moto, nayo inautua mzigo huo nyuma ya friji. Kisha inarudi kuanza upya. Jacob Perkins aliandikisha mashine ya namna hiyo London mwaka 1834. Mwaka 1852 William Thomson, ndiye Lord Kelvin, akaonyesha kwamba mashine kama hiyo inaweza pia kupasha nyumba joto. Ulaya sasa wanaifunga majumbani, wakiiita pampu ya joto: uniti moja ya umeme huweza kuleta joto la uniti kama tatu, kwa sababu nyingine zimevutwa kutoka hewa ya nje. Wenye nyumba za zamani huko wanaumiza vichwa juu ya kuta zinazopitisha baridi, na juu ya fundi wa kumwamini.

Sisi Tarime usiku tunavuta blanketi, basi. Pampu ya joto tuliyonayo ni friji, lakini maswali hayajabadilika: nyumba kuukuu, na fundi.

Chini ya mabati yasiyo na dari, saa nane mchana, friji inatupa joto lake kwenye hewa ambayo tayari ni ya moto, kwa hiyo kompresa haipumziki na uniti zinakwenda. Ivute kutoka ukutani, iwe mbali na jiko. Nyaya za zamani nazo zipimwe: umeme ukishuka sana chini ya volti 230, kompresa hunguruma bila kuwaka, mwisho inaungua. Na umeme ukikatika na kurudi papo hapo, ngoja dakika tano ndipo uwashe, mgandamizo wa gesi utulie.

Sasa fundi. Mimi niliwahi kulipa mara mbili ndani ya mwaka mmoja kwa maneno yale yale: “Gesi imeisha, tujaze.” Gesi ya friji si kuni wala mafuta ya taa. Haitumiki ikaisha, inazunguka mlemle miaka yote. Ikipungua, pametoboka. Fundi wa kweli atapaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama linapotoa mapovu, atachomelea, atanyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, halafu atapima gesi mpya kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji.

Kibandiko hicho ukisome mwenyewe, ujue aina ya gesi. R600a ni ndugu wa gesi ya kupikia, inalipuka; asiyeikagua kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea asiingie ndani kwako. R134a haiwaki, ila kilo moja ikiachiwa hewani huipasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi. Gesi za ukoo huo ndizo mataifa yalizokubaliana Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza.

Uliza kama fundi amesomea friji, chuo cha ufundi cha VETA au kwingineko. Na akisema gesi imeisha, mwambie akuonyeshe tundu. Akishindwa, usimpe hela.