Onyo lisilomjua kijana halimwachishi mvuke

Mabango yanayowatahadharisha wanafunzi dhidi ya tumbaku yamekuwa yakisema jambo moja tangu hapo: uvutaji huua. Ni kweli tupu. Lakini kweli hiyo itamwingiaje kijana wa miaka 15 asiyejihesabu kuwa mvutaji, kwa kuwa akitumiacho ni kifaa kidogo mithili ya kalamu, hakina jivu wala kiberiti, na mvuke wake wanukia embe? Tena itamwingiaje iwapo anayo sababu yake mwenyewe ya kuvuta, ambayo mwenye kuchora bango hakuifikiria?

Nchi iliyolijadili swali hili kwa kina ni Marekani. Huko tafiti nyingi zimeonyesha kuwa vijana wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, pamoja na wale wanaojihisi kuwa wa jinsia tofauti na ile iliyoandikwa walipozaliwa, hutumia tumbaku na sigara za kielektroniki kuliko wenzao. Najua baadhi ya wasomaji watakunja uso papa hapa. Haidhuru, na wakunje, mradi wasiache kusoma. Kinachozungumziwa ni mapafu na ubongo wa mtoto, na nikotini haimwulizi mtu anampenda nani.

Kwa nini wao zaidi? Mtaalamu Ilan Meyer, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 2003, alieleza juu ya shinikizo linalowaandama watu wa makundi madogo yanayobezwa. Kuna dhihaka yenyewe, kuna kuingoja dhihaka kila uamkapo, na kuna ile kazi isiyo na mapumziko ya kuficha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana anayeishi hivyo hutafuta kitulizo, na kitulizo kimo mfukoni mwa rafiki.

Sababu nyingine ni biashara. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya sigara ya R. J. Reynolds ilibuni mpango wa mauzo mjini San Francisco, ukiwalenga wapenzi wa jinsia moja wa mtaa wa Castro na watu wasio na makao wa mtaa wa Tenderloin. Mpango huo uliitwa SCUM. Zilikuwa herufi za mwanzo za maneno ya kibiashara, lakini zikisomwa pamoja kwa Kiingereza ni tusi, yaani takataka ya watu. Ulimwengu uliyajua hayo baadaye, nyaraka za siri za kampuni za tumbaku zilipotolewa kutokana na kesi za mahakamani. Wauzaji hao waliwadharau wateja wao, ila waliwajua: walijua wanakokutana, wanachosoma na wanacholilia. Hilo ndilo linaloniuma. Aliyetaka kumdhuru kijana alimsoma kwa makini kuliko aliyetaka kumwokoa.

Mnamo Mei 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianzisha kampeni ya This Free Life katika miji 12. Iliwalenga watu wa jamii hiyo wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waliokuwa wakivuta mara mojamoja. Iliwaambia, kwa sura na sauti za watu kama wao, kwamba uhuru wa kuwa wewe mwenyewe hauhitaji sigara. Mimi naona walifanya vyema, ingawa wanafunzi wa shule za upili waliachwa nje ya mlango.

Sisemi kwamba onyo la jumla halifai kitu. Mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa shule za upili za Marekani walikuwa watumiaji wa sigara za kielektroniki. Kufikia 2024 walikuwa asilimia 7.8. Sheria, bei na matangazo vilichangia. Hata hivyo, dhana yangu ni kwamba waliosalia ni wale ambao onyo la jumla huwapita kando.

Hao hufikiwa kwa faragha. Shirika la Truth Initiative lilianzisha mwaka 2019 mpango wa kuwatumia vijana arafa za kuwasaidia kuacha, zikilinganishwa na umri wa mpokeaji na kifaa anachotumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwahusisha vijana 1,503 wa miaka 13 hadi 17. Baada ya miezi saba, asilimia 37.8 ya waliopokea arafa hizo walisema wameacha, ilhali miongoni mwa wasiozipokea walikuwa asilimia 28. Arafa humfikia kijana bila mzazi wala mwalimu kujua siri yake.

Na je, aambiwe nini? Kansa ya miaka 40 ijayo haimtishi mtu ambaye kesho yenyewe inamtisha. Aelezwe kinachotendeka leo. Nikotini huuzoesha ubongo, na ikipungua mwilini huleta wasiwasi, hasira na kukosa usingizi. Kijana huvuta, wasiwasi ukatulia, naye hudhani mvuke umemwondolea huzuni ya kubezwa. La hasha! Umetuliza kiu uliyoiwasha wenyewe, na huzuni iko palepale, sasa ikiwa na mwenzake. Ujumbe huo unamgusa, tena haumshutumu.

Kwani hata ujumbe uliokusudiwa kundi fulani waweza kujeruhi. Kuliambia kundi linalodharauliwa kwamba limejaa watumwa wa nikotini ni kulitwika jiwe jingine. Mwalimu naye asimwite mwanafunzi kando kumpeleleza mambo ya moyo wake kwa kisingizio cha afya. Hana haja nayo.

Hapa kwetu, sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, lakini haimfundishi mwalimu la kufanya anapokikuta kifaa cha mvuke ndani ya mkoba. Wengi huanza na kiboko cha maneno, kisha barua ya kumwita mzazi. Mimi ningeanza kwa kumwuliza mwanafunzi huyo anavuta saa ngapi, na mara nyingi ni baada ya jambo gani, kisha ningenyamaza nimsikilize.