Siku za Kibarua Zihesabiwe

Pita penye mjengo wowote wa ghorofa mjini Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki siku ya kumwaga slabu, utawakuta wanawake kwenye mstari wa karai, zege likipanda kutoka mkono hadi mkono. Siku nyingine wanachota maji, wanachekecha mchanga, wanamsogezea fundi mawe. Wachache wameshika mwiko. Jioni kila mmoja hulipwa chake na kuambiwa arudi kesho kama kazi ipo.

Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, mbao na samani, kilicho chini ya COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, ni chao pia. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Hata hivyo, wengi wao hawajawahi kumwona afisa wa chama akiingia saiti. Husemwa kwamba wanawake wa mjengo ni waoga. Mimi sikubali. Tatizo limo katika namna wanavyoajiriwa.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humlazimu mwajiri kukitambua chama kikishasajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Wanachama hutia sahihi Fomu S ili ada ikatwe kwenye mshahara. Sasa, mtu aliyeajiriwa hadi jioni tu atakatwaje ada ya mwezi? Na hiyo nusu itahesabiwaje ikiwa Jumatatu saiti ina watu 40 na Alhamisi ina 18? Tena mkandarasi humwachia fundi mkuu kazi, naye huja na watu wake, hata mama aliyebeba zege tangu asubuhi hajui mwajiri wake hasa ni nani.

Ndiyo maana kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kingestahili kufundishwa kwenye kila saiti. Kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Vivyo hivyo akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, na jengo la ghorofa nne ni kazi ya namna hiyo. Siku za mapumziko yenye malipo huhesabiwa pia. Akishafika hapo hafukuzwi tena kwa neno la jioni, kwa kuwa anastahili notisi ya siku 28. Akifikisha miezi 2 au zaidi ya kazi mfululizo tangu siku alipoajiriwa kama kibarua, anapata masharti sawa na ya yule ambaye hakuanza kama kibarua, ikiwemo likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili.

Haki nyingine hazingoji hesabu hiyo. Kifungu cha 5 kinaamuru malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Lakini ni nani atakayedai kwa sauti leo ilhali kesho jina lake halitaitwa getini? Chama kingelidai kwa niaba yake, pamoja na choo cha wanawake chenye mlango unaofungika.

Cheti nacho kina uzito wake. Mwanamke anayejenga ukuta huku akiitwa msaidizi atalipwa kama msaidizi. Akifanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, kuanzia gredi ya III, ana karatasi ya kuweka mezani siku ya kujadili malipo. Chama kingefanya jambo jema kuwalipia wanachama wake wanawake ada ya mtihani huo.

Kujipanga si jambo geni huku. Wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, wanawake wa nyanda hizi walilazimishwa kujenga vijiji vya kuwafungia watu wao wenyewe, na kuchimba handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya. Uhuru ulipokuja, waliunda vikundi vya mabati: walichanga, wakaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwenzake, mpaka kila mwanachama akaondokana na paa la nyasi. Hawakuwa na mwajiri mmoja wala mshahara wa mwezi, lakini daftari la michango lilikuwapo, na kila mtu alijulikana kwa jina. Chama kinachosubiri wafanyakazi wapate ajira ya kudumu ndipo kiwasajili kitasubiri sana. Kianze na vikundi: ada ya wiki ilipwe kwa simu, na kila mji uwe na mwakilishi mwanamke anayeifahamu saiti.

Nawe unayebeba karai, andika kila siku uliyofanya kazi, mahali, jina la aliyekuita na kiasi ulicholipwa. Ukilipwa kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Mwajiri asipoweza kutoa mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapo hapo Nyeri. Ila usichelewe: dai la ajira lina miaka 3 tu.