Fahamu: Darubini ya anga iliyorushwa kutoka bahari ya Malindi

Kila habari za mashimo meusi zinapovuma, hutajwa darubini kubwa za Marekani na Ulaya. Wachache hukumbuka Ngomeni, karibu na Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimama baharini hapo Ngomeni kwa miguu ya chuma. Ilibeba setilaiti ya NASA, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo.

Kwa nini Ngomeni? Pale ni karibu kabisa na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure, na hiyo Scout ilikuwa ndogo. Isitoshe, setilaiti inayopita juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za mnururisho zinazovuruga vipimo.

Na kwa nini irushwe kabisa? Kazi yake ilikuwa kupima eksirei, na eksirei kutoka kwenye nyota hazifiki ardhini; hewa huzimeza. Uhuru ikajizungusha polepole, ikipekua anga kipande kwa kipande, hadi ikaorodhesha vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kilimetameta kwa kasi ya ajabu, na hatimaye kikakubalika kuwa shimo jeusi.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002. Ngomeni ilirusha roketi yake ya mwisho ya setilaiti mwaka 1988.