Kufanya na kufanyika: tumsome Catullus kwa Kiswahili

Wengi wetu tunakariri vitenzi vya Kilatini kwa ajili ya mtihani tu. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka tulipofikia shairi la 85 la Catullus, mzaliwa wa Verona aliyeishi Roma katika karne ya 1 kabla ya Kristo.

Shairi hilo lina mistari 2 na maneno 14. Kati ya hayo, 8 ni vitenzi. Nomino hakuna, kivumishi hakuna. Mshairi anachukia na kupenda kwa wakati mmoja. Anajiwekea swali la msomaji: kwa nini afanye hivyo? Jibu lake ni kwamba hajui. Anahisi tu, na anateseka.

Katika tafsiri ya Kifaransa niliona huzuni, ufundi sikuuona. Nilipojaribu kwa Kiswahili, nikauona. Swali linatumia kitenzi facio, yaani kufanya. Jibu linatumia fieri, ambacho kwa Kilatini ndicho kauli ya kutendwa ya facio: kufanywa, kufanyika. Msomaji anadhani mpenzi anafanya. Mpenzi anahisi jambo linafanyika ndani yake. Kitenzi cha mwisho nacho ni cha kutendwa. Aliyeanza akitenda anamaliza akitendwa.

Sisi tunaosema fanya, fanyika na fanywa tangu utotoni tuna mlango wetu wa kuingilia humo. Basi, kabla ya kufungua tafsiri ya Kifaransa, tushike kamusi na tujaribu kwanza kwa lugha ya nyumbani.