Kiduha hakihitaji pasipoti

Mfanyabiashara anayevusha mahindi Busia au Sirari hukagua unyevu, wadudu na uzito. Ni wachache wanaotazama vumbi lililotuama chini ya gunia. Humo ndimo mbegu za kiduha zinaweza kusafiri.

Kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo, ni gugu lenye maua ya zambarau linalotesa mashamba ya mahindi na mtama kuzunguka Ziwa Victoria. Hung'ang'ania mizizi ya zao na kunyonya maji na chakula chake. Kikichomoza juu ya ardhi, hasara imeshaanza. Mche mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mahindi.

Ndiyo maana jembe peke yake halitoshi. Mkulima hung'oa kabla ya maua, huteketeza, kisha hubadilisha mazao. Soya na pamba huziamsha mbegu za kiduha, lakini zikikosa mzizi wa kunyonya hufa. Taasisi ya icipe, yenye kituo Mbita, Kenya, imeeneza kilimo cha "vuta-sukuma": desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake hukizuia kiduha na majani yake hulisha ng'ombe.

Kwa mfanyabiashara, mambo ni matatu: usiuze mahindi ya chakula kama mbegu, pepeta mzigo kabla ya kufunga, na kung'uta magunia matupu mbali na mashamba. Mavuno yakipungua Siaya au Tarime, mzigo wa mpakani nao hupungua.